Uzio wa Muda wa Mbwa: Waya Usiishie Juu ya Udongo

Wafugaji wa Marangu, Kibosho na Old Moshi huku Kilimanjaro, mbwa wenu wengi hawaruki uzio. Wanachimba. Udongo wa kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani, ni laini, umejaa mboji ya migomba na samadi, na usiku mmoja unamtosha mbwa kutoka. Asubuhi unadaiwa kuku wa jirani, na hapo shukuru kama hajang'ata mtoto.

Kosa ni lile lile. Mnanunua waya wa upana wa mita 1.8 na kuusimamisha wote, ukingo wa chini ukigusa nyasi tu. Pima sentimita 45 kutoka chini, kisha pinda sehemu hiyo ilale ardhini kuelekea ndani, upande aliko mbwa. Ndani, jamani, si nje! Ukipindia nje unamzuia mnyama anayetaka kuingia. Mbwa huchimba pale pale uzio unapogusa ardhi. Akikuta waya chini ya kucha, hafikirii kurudi nyuma.

Parua nyasi kwanza. Pigilia vigingi vya sentimita 30 kila baada ya nusu mita, vikiwa vimeinama, kisha funika kwa udongo na mawe. Juu inabaki mita 1.35, inayowatosha mbwa wengi wa kwetu. Kama wako ni mrukaji, nunua waya mpana zaidi, usipunguze zile 45.

Mirunda iachane mita 2, mashimo yawe ya sentimita 50. Waya ufungwe upande wa ndani wa mirunda, ili mbwa akiusukuma uegemee mti badala ya kung'oa misumari. Masale, ile mimea ya uzio mliyopanda juzi, si nguzo, bado hayajashika mizizi. Waya wa kuku nao hapana, meno yanaukata.

Getini fukia mrunda uwe kizingiti, na nafasi ya chini isizidi sentimita 5.

Malizeni chini kabla mbwa hajaingia. "Tutamalizia kesho" ndiyo inayowaponza: aliyetoka mara moja atajaribu kila siku. Wakati wa masika kagueni vigingi kila mvua kubwa ikipita. Mikwaruzo ikionekana kwenye udongo uliofunika waya na mbwa yumo, uzio umekaa sawa.

Akitoroka na kung'ata mtu, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mgonjwa haponi.