Maiti chini ya majivu: jinsi ninavyoandika upelelezi wa London ya 1667

Kwa miaka 19 nilikuwa karani wa baraza la ardhi. Nimeandika kwa mkono wangu ugomvi wa mipaka, wa urithi, wa miembe iliyoota huku na kuangusha maembe kule. Nilipostaafu nikaanza kutunga hadithi za upelelezi, sura moja kila Ijumaa, natuma kwa simu. Ya sasa iko London, baada ya moto mkubwa wa 1666. Wasomaji wananiuliza naiandikaje, ilhali mji wenyewe nimeufikia mara moja tu, nilipokwenda kumwona binti yangu. Basi nitaeleza, na mwenye kutaka ajaribu.

Kwanza, achana na moto. Ulianza alfajiri ya Jumapili, 2 Septemba, kwenye nyumba ya mwoka mikate Thomas Farriner, Pudding Lane. Kiangazi kilikuwa kikavu, upepo wa mashariki ukausukuma, na kwa siku nne ukala nyumba 13,200, makanisa 87 ya parokia na kanisa kuu la St Paul's. Hayo yatie kwenye aya moja, yatosha. Mtu anayekimbia na godoro kichwani hana nafasi ya kupanga mauaji, na msomaji ukimwonyesha ndimi za moto kurasa thelathini, atasahau kwamba kuna aliyeuawa. Mimi naanzia Februari iliyofuata. Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini aliyeandika shajara maarufu, mwezi huo alikuwa bado anaona moshi ukifuka kwenye magofu. Karibu nusu mwaka umepita, watu wamerudi kwenye shughuli zao, na chini bado kunafuka. Hapo pana hadithi.

Hapo hapo ndipo nilipoteleza. Kisheria, Waingereza wa wakati ule walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Kwa hiyo hati ya Februari baada ya moto huandikwa Februari 1666, utadhani ni ya kabla ya moto. Mimi nikaandika 1667. Msomaji mmoja akaniletea ujumbe: "Shangazi, karani wako kakosea mwaka." Niliona haya siku mbili. Ya tatu nikaligeuza kosa langu kuwa mtego: mpelelezi wangu ni karani wa Kiholanzi aliyezoea mwaka kuanza Januari, anaisoma hati ile kuwa ya kabla ya moto, na anamwandama mtu asiye na hatia kwa sura tano.

Sasa sababu ya kuua. Wivu wa mapenzi usiulete. Kwa wivu watu huuana katika mji wowote, hata usioungua. Tafuta sababu ambayo bila moto isingekuwepo, na mimi niliipata mahali nilipozoea, kwenye mikataba ya upangaji. Mingi ilimfunga mpangaji kuikarabati nyumba na kuendelea kulipa kodi hata ikiteketea. Fikiria muuza vitambaa aliyepoteza duka na mali yote, kisha mwenye nyumba anamgongea alipohifadhiwa, anadai kodi ya majivu. Bunge likaunda Mahakama ya Moto, iliyoanza vikao mapema 1667 katika jengo la Clifford's Inn. Majaji watatu au zaidi waliketi bila malipo, wakatazama nani ana uwezo wa kujenga, kisha wakampunguzia kodi au wakamwongezea miaka ya kukaa. Jiulize: mwenye nyumba au mpangaji, mmoja wao akifa kabla shauri halijasikilizwa, nani anabaki na kiwanja? Ukilijibu hilo, muuaji wako umeshampata.

Halafu vigingi. Mtu alisafisha kifusi chake, akalipa ada, wapimaji wakaja kumpigia mipaka. Mmoja wao alikuwa Robert Hooke, mwanasayansi mkubwa wa enzi hizo. Kung'oa kigingi lilikuwa kosa lenye adhabu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu sebuleni, kwa sababu nimeona vigingi vingi vikitembea usiku! Na nitakupa siri ya barazani: mwizi wa mpaka huangalia pale anapokichomeka, hasahihishi vizuri pale alipokitoa. Tundu la zamani hulijaza udongo, na udongo wa kujazia hubaki laini kuliko wa pembeni. Mholanzi wangu anatembea na fimbo, anadunga ardhi, fimbo inazama.

Maiti usiiache iungue ikaisha. Nyumba za mbao zilianguka lakini sehemu kubwa ya vyumba vya chini ya ardhi ilibaki, na vitu vya chuma hubaki na habari zao. Mzee mmoja aliwahi kuleta barazani kufuli iliyoungua, kuthibitisha kwamba chumba kilikuwa chake. Wote waliangalia kama ufunguo wake unaingia. Mimi niliangalia kwamba kufuli ilikuwa imefungwa. Katika hadithi yangu kufuli kama ile inaokotwa kwenye kifusi, nje ya mlango, na maiti iko ndani.

Ukitaka kuficha maiti kwa ujanja zaidi, nenda St Paul's. Makaburi yalibomoka, na mwili wa askofu Robert Braybrooke, aliyefariki 1404, ukatokea ukiwa umekauka, ngozi kama ya ngoma. Watu walikwenda kuutazama, Pepys akiwemo. Mahali ambapo wafu wa kale wamelala wazi, nani atahesabu kama wameongezeka?

Polisi hakuna, usiwatie. Kuna konstebo wa parokia, naye ni jirani tu aliyefikiwa na zamu, roho yake iko dukani kwake. Kiberiti cha njiti pia hakuna, ni jiwe la gumegume na chuma. Kahawa ipo, na mikahawa yake ndiyo mahali pa umbea.

La mwisho ni mshukiwa, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Uingereza ilikuwa vitani na Uholanzi na Ufaransa, na wageni walipigwa barabarani kwa lafudhi zao. Mtengeneza saa wa Kifaransa, Robert Hubert, akakiri kwamba yeye ndiye aliyewasha moto. Mwanzo alisema aliuwasha Westminster, ambako moto haukufika, ndipo akahamia Pudding Lane. Alinyongwa Tyburn mwezi Oktoba. Baadaye nahodha wa meli iliyomleta akasema kijana huyo alitia mguu London moto ukiwa umeshaanza. Nilipopanda ngazi 311 za mnara wa kumbukumbu ya moto huo kule London, goti likilia, nilikuwa nawaza karatasi moja tu: hati ya mashtaka ya Hubert. Miongoni mwa waliotia sahihi ni Farriner mwenyewe, mwenye tanuri. Katika hadithi yangu mwoka mikate naye anaitwa kutia sahihi. Anaomba wino uongezwe, anaandika jina lake lote bila mkono kutetemeka, kisha anarudi kupima unga.