Kila silabi, mruko mmoja

Mtoto akikalishwa kitini mbele ya kadi za picha, dakika tano tu keshachoka. Siku hizi mazoezi ya matamshi naanzia sakafuni. Chukua chaki, chora viduara vinne vilivyofuatana, umbali wa hatua moja ya mtoto. Kila silabi, mruko mmoja: ki-ji-ko, ba-ka-u-li. Kiswahili kinasaidia sana hapa, maana silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu na mtoto anazisikia wazi. Angalia tu neno kama "mtoto": ile "m" ya mwanzo ni silabi kamili, nayo ina mruko wake. M-to-to, miruko mitatu. Watoto wengi huimeza hiyo "m", na mguu ndio unaowakumbusha.

Ruka naye, usisimame pembeni ukiamrisha. Akisema "jiko" badala ya "kijiko", usimkemee. Rudi kiduara cha kwanza, litamke polepole huku ukiruka, kisha mwachie zamu.

Kwa asiyesema bado, tumia mpira. Sema "moja... mbili..." halafu nyamaza, mpira ukiwa mkononi, umtazame usoni. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mtu mzima ataona ni muda mrefu mno, lakini mtoto anauhitaji. Akitoa sauti yoyote, hata "ta", hata akinyoosha mkono tu, mrushie papo hapo.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Na kama hageuki ukimwita kutoka nyuma, apimwe masikio kwanza.