Kupiga picha mwezi, Jambiani, Zanzibar

Wengi husubiri mwezi mpevu, usiku wa 14. Mimi nakwambia toka nje tarehe 7 au 8 ya mwezi mwandamo. Jua huupiga kwa ubavu, vivuli vinarefuka, na mashimo yake yanajitokeza pale mwanga unapokutana na giza. Lo, uzuri wake! Mpevu hutoka bapa kama sahani.

Nasimama ufukweni baada ya sala ya Magharibi. Lenzi ya milimita 300, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, shata, yaani muda wa kupokea mwanga, 1/60 ya sekunde. Usiiachie kamera ichague yenyewe: ikiona giza tele inazidisha mwanga, mwezi unakuwa doa jeupe. Weka kipima muda cha sekunde 2, maana kidole tu kinaitikisa. Miguu ya stendi izamishe mchangani kwanza. Yangu iliwahi kudidimia taratibu, nikapoteza picha za usiku mzima.

Kusi ikivuma, chumvi hunata kwenye kioo. Futa kwa kitambaa laini.

Ukitaka Kilimia, lile kundi la nyota, chagua usiku wa giza. Desemba, saa nne usiku, kiko juu upande wa kaskazini: lenzi ya milimita 50, ISO 1600, sekunde 8. Ukizidisha, nyota huwa vistari.