Kabla Hujafunga Kamba za Raba: Mazoezi kwa Mwenye Kisukari

Mwaka wa 12 huu naishi na kisukari, aina ya pili, na asubuhi nyingi utanikuta Raskazone, hapa Tanga, natembea kandokando ya bahari. Nimewaona wagonjwa wenzangu wengi wakianza kwa kishindo Januari na kukaa chini kabla ya Machi. Si wavivu. Waliumia au walianguka kwa sababu walitoka nyumbani bila kujiandaa, wakaogopa kurudia.

Daktari aambiwe kwanza. Akupime presha, moyo na macho, maana mishipa ya jicho ikiwa imeshaharibika, kunyanyua vitu vizito kunaweza kuipasua.

Pima sukari kabla hujatoka. Kama unatumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi na kipimo kinasoma chini ya 5 (mmol/L), kula ndizi kwanza. Ukiwa unameza metformini peke yake hatari ya kushuka ni ndogo, lakini ijue dawa yako kwa jina, usiitambue kwa rangi tu. Insulini usichome pajani kama unakwenda kutembea, choma tumboni. Na ukitembea sana jioni, pima tena kabla ya kulala, kwa sababu misuli huendelea kuvuta sukari saa nyingi baadaye.

Mfukoni weka glukosi. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, simama hapo hapo, lamba glukosi hiyo vijiko 3 vya chai, kaa dakika 15, pima. Usijikaze eti ufike nyumbani. Mwenzako wa njiani ajue hali yako, maana sukari ikishuka sana unayumba na kusema ovyo, na wapita njia watadhani umelewa.

Sasa miguu. Hapa sina haraka.

Mwaka wangu wa saba nilikuwa natembea dakika 30, siku 5 kwa wiki, zile dakika 150 tunazohimizwa kliniki. Sukari imetulia, nguo zimenilegea, nina furaha. Siku moja nikavaa raba mbio mbio, nikaenda hadi baharini, nikarudi kwa njia ya sokoni. Kuvua, soksi imelowa damu. Ndani ya raba mlikuwa na kizibo cha soda. Mjukuu wangu alikuwa anachezea viatu usiku uliopita, akakiacha humo. Saa mbili nzima nimekikanyaga na sikusikia kitu. Ile ganzi ya miguu niliyokuwa naiita uchovu, kumbe ni mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika.

Nilichofanya baada ya hapo kilikuwa kibaya zaidi. Kwa kuwa hakikuuma, nilipaka dawa, nikafunga kitambaa, na kesho yake nikatembea tena. Siku ya tisa mguu umevimba, unatoa harufu. Hospitali walikata nyama iliyooza, wakaniambia mguu huo usikanyage chini mpaka kidonda kifunge. Miezi 3. Kwenye benchi la kusafisha vidonda nilikaa na mama mmoja ambaye kidonda chake kilianza kidogo kuliko changu. Yeye alipoteza vidole viwili.

Kwa kukaa, sukari ikapanda, na mimi nikakata tamaa kabisa. Nguvu ilirudi kwa kitu kidogo: muuguzi alinifundisha mazoezi ya kwenye kiti, chupa mbili za nusu lita zilizojazwa mchanga, unanyanyua mikono dakika 10 baada ya kila mlo. Akaniambia niandike kipimo kabla na baada. Siku niliyoona 11 imekuwa 9 nililia. Daftari hilo ninalo hadi leo, na siku ninayoamka sitaki kutoka, nalifungua.

Kwa hiyo kung'uta kiatu kila unapokivaa, kisha ingiza mkono mpaka kwenye ncha. Vaa soksi nyeupe za pamba ili damu ionekane. Jioni tazama nyayo kwa kioo cha mkononi, au mwombe mtoto akutazamie. Anayetawadha mara tano kwa siku akaushe katikati ya vidole kila mara, na mafuta yasifike hapo. Sugu usikate kwa wembe. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu. Pekupeku hapana, hata uani, na hasa ufukweni, kwani mchanga wa saa saba mchana unababua bila wewe kujua. Raba kanunue jioni, mguu ukiwa umeshatanuka. Na kliniki waombe wakupime ganzi walau mara moja kwa mwaka, wasipokumbuka wakumbushe.

Mengine ni ya kawaida. Ramadhani usianze ratiba mpya bila kuzungumza na daktari. Siku ya homa, pumzika. Masika zikijaza njia, tembea ndani ya nyumba, madimbwi yanaficha vioo na misumari. Beba maji, beba simu yenye salio, pita njia yenye watu. Na kidonda chochote cha mguuni, hata kiwe kama punje ya mtama, usingoje tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda siku hiyo hiyo.