Shepadi akiletwa getini: jinsi tunavyoamua tumpokee nani, na aende kwa nani

Simu nyingi zinazonifikia zinaanza hivi: "Dada, nimepata uhamisho, Ijumaa naondoka, huyu mbwa nimwache wapi?" Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, nyumba za ukuta na geti zimeota Iyumbu, Kisasa, Ilazo na Nzuguni, na nyuma ya mageti mengi kuna mbwa wa ulinzi. Mwenye nyumba akihamishwa anaondoka na makochi na watoto. Mbwa anabaki na mlinzi. Mlinzi asipolipwa miezi miwili, naye anaondoka.

Kikundi chetu kinapokea aina moja tu, Jemani Shepadi, yule ambaye mtaani anaitwa mbwa wa polisi. Naandika hapa hatua tunazopitia ili mtu anayetaka kuanza kazi hii Singida, Morogoro au kwingine asijifunze kwa machozi kama sisi, awe anashughulika na shepadi, rotwaila au aina nyingine.

Hatua ya 1: Hesabu nafasi kabla hujapokea simu

Tuna mabanda 5, na familia 3 zinazotulelea mbwa kwa muda. Banda moja kati ya yale 5 halijazwi kamwe, ni la mgonjwa au mgeni asiyejulikana hali yake. Kwa hiyo uwezo wetu ni mbwa 7, basi.

Mwaka wa kwanza sikuwa na hesabu hiyo. Nilikubali kila aliyeletwa, nikaweka wawili wawili, na mtoto mmoja wa mbwa akaingia na parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu, bila kutengwa. Ndani ya wiki moja nilizika watoto wanne. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi na sabuni ya kawaida haikiui. Ilibidi tusugue sakafu kwa jiki na kuacha banda lile wazi muda mrefu. Mbwa aliyelundikwa mahali pasipo na nafasi hajaokolewa, amehamishiwa shida tu. Siku hizi nafasi ikiisha nasema imeisha, naandika jina la mwenye mbwa kwenye daftari, na nampigia ikipatikana.

Watu huuliza kwa nini aina moja, kwani mbwa wa kienyeji hana roho? Anayo. Ila tukijifunga kwa shepadi tunajua magonjwa yake, tunajua anavyokua, na familia inayotujia imeshajiandaa kwa dume la kilo 30 hadi 40 au jike la kilo 22 hadi 32. Mbwa hapati nyumba kwa sababu ameonewa huruma. Anapata nyumba kwa sababu kuna mtu anayemtaka yeye alivyo.

Hatua ya 2: Zungumza na anayemlisha

Hapa ndipo maamuzi mengi yanafanyika, kwa hiyo usiharakishe. Usimuulize mwenye mbwa, "Ni mkali?" Atakujibu kwa fahari, "Mkali sana!" akidhani anakuuzia. Muulize matukio. Mgeni akiingia mbwa akiwa amefunguliwa, inakuwaje? Mtoto akipita na andazi mkononi? Ukimsogelea anakula, anaendelea kula, anaganda, au anaunguruma? Mara ya mwisho kumfungua mnyororo ilikuwa lini?

Kisha omba kuongea na anayempa chakula kila siku. Mara nyingi ni dada wa kazi au mlinzi, na hao ndio wanaomjua. Baba mmoja wa Kisasa aliniapia kwamba mbwa wake hajawahi kumgusa mtu. Dada wa pale nyumbani alipopewa simu akasubiri kidogo, akasema kwa sauti ya chini: "Alimng'ata fundi bomba. Lakini fundi alimkanyaga mkia akiwa amelala." Tulimtafuta fundi. Akatuonyesha kovu dogo mguuni, jino moja, akasema mbwa aliachia palepale na kujificha nyuma ya tanki. Kwa maelezo ya bosi peke yake nisingejua kitu. Kwa neno "aling'ata" peke yake ningemkataa. Tulimpokea.

Swali la mwisho la simu ni hili: anaweza kubaki? Mbwa anayebweka usiku kucha kwa sababu mchana kutwa yuko kwenye mnyororo hahitaji nyumba mpya, anahitaji kufunguliwa na kutembezwa. Tukienda mara mbili tatu kumwelekeza mwenyewe na mbwa akabaki kwake, banda linabaki kwa yule ambaye kweli hana pa kwenda.

Hatua ya 3: Hakikisha ni shepadi, na ni wa nani

Vyeti vya ukoo hatuulizi. Chotara tunampokea kama umbo na tabia vimeegemea kwa shepadi, maana mahitaji yake yatakuwa yaleyale. Kwa watoto usidanganywe na masikio yaliyolala. Kwa kawaida husimama kati ya miezi 4 na 6.

Mbwa aliyeokotwa ni habari nyingine. Shepadi wanaibwa kwa sababu wana bei. Tunatoa taarifa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tunatangaza kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, na tunasubiri siku 14. Kwenye tangazo tunaficha alama moja, tuseme kucha nyeupe ya mguu wa nyuma. Mwenye mbwa wa kweli ataitaja bila kuulizwa. Anayeletwa na mwenyewe, tunaandikishana hati ya makabidhiano yenye sahihi ya pande zote na shahidi, kwamba mbwa si wake tena. Bila karatasi hiyo, miezi sita baadaye anakuja mtu getini kudai "mbwa wangu" kwa familia iliyokwisha kumpenda.

Hatua ya 4: Mkague kwa mikono

Mwaka mmoja, mwezi wa kumi, saa saba mchana, kirikuu ilisimama getini ikiwa na dume amefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Ulimi ulikuwa umening'inia pembeni, mate mazito. Hatukumkagua. Shepadi ana manyoya ya tabaka mbili na jua letu la kabla ya mvua halina huruma. Tulimweka kivulini, tukamlowesha tumbo na nyayo, tukampa maji kidogo kidogo, tukakaa naye saa nzima bila kumsemesha.

Alipotulia nilianzia mdomoni. Unainua mdomo wa juu, unabonyeza ufizi kwa kidole mpaka unakuwa mweupe, unaachia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Wake ulikuwa umepauka hata kabla sijabonyeza. Ndani ya masikio kupe walikuwa wamejipanga kama punje za mtama kwenye suke, na kati ya vidole vya miguu vilevile. Tumboni, penye manyoya machache, kulikuwa na vidoa vyekundu ambavyo havikufutika nilipovibonyeza. Chini ya mnyororo, ngozi ya shingo ilikuwa imechimbika na kutoa harufu.

Ufizi mweupe, vidoa vya damu na kupe vikikutana, fikiria homa ya kupe. Mbwa wa aina nyingi huiugua, lakini shepadi inamwangusha vibaya zaidi. Daktari wa mifugo alichukua damu, akamwanzishia doksisaiklini ya siku 28. Wengi huacha dawa wiki ya kwanza kwa kuwa mbwa ameanza kula. Ugonjwa unaweza kujificha mwilini na kurudi baadaye umeshika uboho. Dume yule tulimwita Simba. Alimaliza siku zote 28.

Halafu mtembeze huku ukimwangalia kutoka nyuma. Nyonga mbovu ni ugonjwa wa ukoo huu. Akikimbia kwa kurusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura, au akijivuta kuinuka, mwambie daktari. Ukiona uvimbe unaotoa damu sehemu za siri, usimkatae kwa kudhani ni mwisho wake. Aina inayoambukizwa kwa kupandana hutibika kwa sindano za daktari, na mara nyingi mbwa hupona kabisa.

Hatua ya 5: Mpe wiki mbili kabla ya kumhukumu

Siku ya kwanza mbwa hasemi ukweli. Wengine wanajikunja pembeni, ukidhani ni wapole; wengine wanarukia wavu kwa hofu, ukidhani ni wakatili. Siku tatu za kwanza sisi tunaleta chakula na maji, basi. Baada ya hapo tunaandika kila siku jambo moja moja: anavyopokea mgeni mwanaume, mtu mwenye fimbo, baiskeli, kuku, mbwa mwenzake upande wa pili wa wavu, na akiachwa peke yake. Watoto hatumjaribishii. Tunaangalia anavyofanya akiwasikia wakipita nje wakitoka shule, nasi tukiwa tumeshika kamba.

Kinachonipa moyo si mbwa asiyeunguruma. Ni mbwa anayeunguruma, ukasimama, naye akanyamaza. Huyo anaongea, na anasikilizwa.

Hatua ya 6: Jua utakayemkataa, na ukatae mapema

Mbwa aliyemng'ata mtu ndani ya siku 10 zilizopita hatumhamishi, hata kama ana chanjo. Anabaki alipo, amefungiwa, afisa mifugo wa kata akijua, maana mbwa anayeambukiza kichaa kwa mate yake atakuwa ameugua au kufa ndani ya siku hizo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo. Hilo nalisema hata kwa mtu ambaye mbwa wake simpokei.

Aliyeng'ata akang'ang'ania, akarudia, akatoboa kwa kina bila kuchokozwa, hatumpokei ili tumpe familia. Nimewahi kukaa na mmoja wa namna hiyo miezi 8 nikiamini upendo utamtosha. Mwishowe daktari alimchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Ningemwambia mwenyewe ukweli siku ya kwanza, mbwa yule asingeishi miezi 8 ndani ya wavu.

Mzee na mgonjwa si sababu ya kukataa, mradi kuna familia ya kumlea. Tuna bikizee wa miaka 11 ambaye hataondoka, na yumo kwenye hesabu ya wale 7.

Hatua ya 7: Mwandae

Chanjo ya kichaa na ya magonjwa mengine, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, na kuhasiwa. Hakuna shepadi mzima anayetoka kwetu akiwa na uwezo wa kuzaa. Mtoto mdogo anatoka na tarehe ya kurudi kuhasiwa.

Hatua ya 8: Nenda uione nyumba

Neno "kuhasiwa" peke yake linawaondoa nusu ya waombaji, wale wanaotafuta jike la kuuza watoto. Waliobaki tunawatembelea. Tunaangalia urefu wa ukuta, geti linavyofungwa, kivuli cha saa nane mchana, na nani atakuwa nyumbani. Mpangaji alete ruhusa ya mwenye nyumba. Tunaongea pia na dada wa kazi, kwa sababu kazi itamwangukia yeye. Akiwa anaogopa mbwa, tunasubiri.

Mzee mmoja mfugaji kutoka Bahi alikuja kumwomba Simba. Alikuwa amesikia kwamba hao ni mbwa wa kuchunga, na ni kweli, Ujerumani walisajiliwa mwaka 1899 wakitokana na mbwa wa kondoo. Nilimpa shikamoo na kiti, tukaongea sana. Mbwa wake wa kienyeji wanakwenda na ng'ombe kutwa nzima juani. Simba alikulia kwenye mnyororo mita mbili, manyoya mazito, na homa ya kupe imempitia juzi. Mzee alimtazama, akasema, "Huyu atanifia mbugani." Akaondoka bila kinyongo, na mwaka uliofuata akatuletea shepadi aliyemwona anazurura stendi.

Simba alikwenda kwa mwalimu mstaafu wa Nkuhungu. Siku ya kumkabidhi tunatoa kipande cha blanketi alilolalia, chakula cha siku tatu alichozoea, ugali wa dona na dagaa, na mkataba wenye sharti moja tusilolilegeza: wakishindwa naye, kesho au baada ya miaka mitano, anarudi kwetu, hauzwi wala hagawiwi. Tunapiga simu siku ya 2, ya 7 na ya 14. Siku ya 2 mwalimu alisema hajala. Nilimwambia aweke sahani, aende zake jikoni, asigeuke kumwangalia. Alipiga mwenyewe saa tatu usiku: sahani ilikuwa tupu, na mbwa amelala mlangoni pa jiko.