Panua nafasi kati ya magurudumu ya nyuma kabla ya kupanda mlima na trekta kukata nyasi

Trekta yangu ni Massey Ferguson 375. Msimu wa kulima inashinda kwenye mashamba ya mahindi na ngano hapa Njoro, na mvua ikikatika ndipo simu za nyasi zinaanza: njoo ukate Boma Rhodes, njoo ufunge marobota. Njoro na Rongai kuna mashamba mengi ya tambarare, huko unakata huku moyo umetulia. Ila wateja wengine wako Subukia na miteremko ya Bahati, na huko ndiko nilikojifunza kwamba trekta iliyotoka kulima haifai kupandishwa mlimani jinsi ilivyo.

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilitoka kulima nikaingia Subukia moja kwa moja, magurudumu ya nyuma yakiwa bado yameachana inchi 56. Nikiwa nakata kwa kuambaa mteremko, tairi la upande wa bondeni likatumbukia kwenye shimo la fuko. Nilihisi kiti kinanihama. Nikageuka, nikaona tairi la juu limeachana na ardhi, meno yake yanazunguka hewani polepole. Utingo wangu akapiga kelele, "Mzee, kata chini! Kata chini!" Nikaelekeza usukani bondeni, trekta ikajishusha na kukaa. Nikazima injini, nikakaa nyasini mpaka miguu ilipoacha kutetemeka.

Kwanza pima ulipo. Chukua futi ya kamba, pima kutoka katikati ya tairi moja la nyuma hadi katikati ya lile la pili. Usipime ukingo kwa ukingo, kwa sababu upana wa tairi lenyewe utakudanganya. Kwa kulima, inchi 56 ni sawa, maana tairi la kulia lazima likae kwenye mtaro na jembe lifuate vizuri. Kwa nyasi za mlimani mimi naweka 72. Kutoka katikati ya trekta hadi kwenye tairi, nimetoka inchi 28 nikafika 36. Umbali ambao uzito wa trekta lazima usafiri kabla haijapinduka umeongezeka kwa zaidi ya robo.

Hapa kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui, na naomba ulisome polepole. Watu hupanua magurudumu ya mbele wakadhani wamemaliza. Ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja katikati, inacheza juu na chini kama mizani. Kwa hiyo trekta haisimami kwa miguu minne. Inasimama kama kigoda cha miguu mitatu: tairi mbili za nyuma, na ile pini ya mbele. Ukipanua mbele peke yake, mguu wa tatu uko palepale kwenye pini. Ekseli haitakusaidia mpaka igonge kizuizi chake, na wakati huo trekta imeshapata kasi ya kuanguka. Nyuma ndiko kunakookoa maisha. Mbele nako utapanua, ili tairi zifuatane na usikanyage nyasi mara mbili, lakini anzia nyuma.

Kubadilisha kwenyewe hufanyiwa mahali tambarare na pagumu, si shambani. Weka giya ndogo, vuta breki ya mkono, weka kabari tairi za mbele. Kisha gongomea vipande vya mbao kati ya ekseli ya mbele na fremu, pande zote mbili, ili ile pini isicheze. Usipofanya hivyo, ukiinua tairi moja la nyuma trekta inaweza kulalia upande mwingine na kukutoka kwenye jeki. Legeza nati nusu mzunguko tairi likiwa bado chini, ndipo uinue. Ikishainuka, panga magogo chini ya ekseli. Usimwache mtu afanye kazi chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kama tairi zina maji yaliyowekwa kuongeza uzito, yatoe kwanza au utafute cheni bloku, ile winchi ya mnyororo ya kuinulia vitu vizito. Tairi kubwa la nyuma linaweza kubeba zaidi ya lita 200, na lita moja ya maji ni kilo moja, kabla hujahesabu chuma na mpira. Likikuelemea hulizuii kwa mikono.

Rimu za trekta kama hii zina sahani ya katikati iliyobonyea. Ikitazama ndani, tairi huwa karibu na trekta, ikitazama nje tairi hutoka. Rimu nayo inaweza kufungwa mbele au nyuma ya sahani, na kila mpangilio unakupa hatua ya inchi 4. Njia ya haraka ni kuhamisha gurudumu zima: la kushoto liende kulia, la kulia lije kushoto, upande uliokuwa nje uingie ndani. Hivyo sahani inageuka, na meno yanabaki kwenye mwelekeo wake. Hakikisha kwa macho: ukisimama nyuma ya trekta, meno yaonekane kama paa la nyumba, ncha ikitazama juu. Yakionekana kama V, umekosea, na trekta itateleza pale unapoihitaji ishike.

Kuna mafundi watakaokwambia wakuchomelee vipande vya chuma vya kusogeza gurudumu. Kataa. Beringi na boliti hazikutengenezewa mzigo huo, na weldi ikikatika haitakatikia barabarani, itakatikia mlimani.

Mbele, toa boliti za ekseli, vuta kila upande matundu sawa, na urefushe fimbo za usukani kwa kipimo kilekile kushoto na kulia. Ukisahau hilo, tairi zitaburuza na kulika.

Rudisha maji: vali ikae juu kabisa, jaza mpaka maji yafike usawa wa vali. Hiyo ni karibu robo tatu ya tairi, na uzito mwingi unakaa chini. Upepo uwe sawa pande zote mbili, maana tairi laini la upande wa bondeni linakulaza kabla hujafika kwenye shimo.

Mashine yangu ya kukata inatokeza kulia, kwa hiyo nakata mkono wa kulia ukiwa upande wa mlima, kisha narudi bila kukata. Najua dizeli inaumia. Mteja akilalamika namweleza, na asipokubali namwachia shamba lake. Funga pedali mbili za breki, ya gurudumu la kushoto na ya la kulia, zikanyagike pamoja. Ukisikia trekta inalala, geuza kuelekea bondeni. Na kabla ya yote, tembea shamba lote kwa miguu ukiwa na vijiti, kila shimo la fuko na kila jiwe lililofichwa na nyasi uliwekee alama.

Ukishakata kwa saa moja, simama ukaze nati tena, kwa kurukia upande wa pili kila mara. Lazima zitakuwa zimelegea kidogo, rangi na kutu vikishajibana. Kesho yake asubuhi kaza tena. Mimi huchora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu, na utingo wangu huikagua kila tunapopumzika kunywa chai.