Kabla hujapanda shibiti kwenye ndoo msimu wa baridi

Shibiti, kiungo cha majani membamba kiitwacho dill kwa Kiingereza, inaipenda baridi yetu. Joto na ukame ndivyo vinavyoifanya ikimbilie kutoa maua, na ikishachanua majani hupungua. Kwa hiyo Mei hadi Agosti, miezi ambayo Mbeya, Iringa na Njombe hatuvui makoti, ndiyo miezi yake. Ila mambo kadhaa yawe tayari kabla mbegu haijaingia udongoni.

Hakikisha kwanza kwamba ulichonunua ni shibiti. Majani yake na ya shamari yanafanana mno. Mbegu ya shibiti ni bapa, ya kahawia, ina ukingo uliopauka. Ya shamari ni ndefu zaidi na ina rangi ya kijani. Kisha zijaribu: funga mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi, uzitunze ndani kwenye joto kwa wiki mbili. Zikiota chini ya tano, tafuta nyingine. Kwenye ndoo, aina fupi kama Fernleaf inafaa kuliko Bouquet, ambayo hurefuka na kuangushwa na upepo.

Chombo kiwe na kina cha sentimita 25 hadi 30, kwa sababu shibiti ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja. Ndoo ya lita 20 iliyopasuka mdomo inatosha miche mitatu au minne. Toboa matundu sita chini. Ndoo iliyowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu usiitumie, hata ukiisugua namna gani. Mzizi huohuo ndio unaokataza kitalu: nilishawahi kuotesha kwenye trei na kuhamisha, na miche iliyopona ilitoa maua ingali mifupi. Panda palepale itakapokulia.

Udongo uandae wiki mbili mapema: madebe mawili ya udongo mweusi, moja la samadi iliyooza kabisa, moja la mchanga wa mtoni. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Udongo unaotuama maji wakati wa baridi huleta kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche shinani, na miche huanguka kama iliyokatwa kwa wembe.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea: mahali pa kuweka ndoo. Maelekezo mengi yameandikwa Ulaya na Marekani, nayo husema upande wa kusini wa nyumba. Kwetu ni kinyume. Mwezi wa sita jua linapita kaskazini mwetu, na ukuta wa kusini hubaki na kivuli karibu kutwa nzima. Ndoo zangu za kwanza niliziweka huko, kwa kufuata maandishi, miche ikarefuka, ikapauka na kulala. Simama uani saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, uone jua linafika wapi. Shibiti inataka jua la muda wa saa sita kwa siku.

Mvua zikiwa zinaaga, mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, panda. Funika mbegu kwa nusu sentimita tu ya udongo. Kwenye baridi zinaweza kuchukua wiki tatu kuota, kwa hiyo usianze kuchokonoa. Baada ya wiki tatu panda ndoo ya pili, ili majani yasikatike jikoni. Samaki mbasa wa Ziwa Nyasa au viazi vya kuchemsha vikipata shibiti mbichi vinanoga kweli.

Panga pia maji, maana baridi yetu ni kavu. Mwagilia asubuhi, kidole kikikuta udongo umekauka.

Walio Makete, Njombe na maeneo ya karibu na Kitulo wajiandae kwa jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu usiku. Shibiti huvumilia ile nyepesi, kali huiua. Usiku wenye anga safi usio na upepo ndio wa kuogopa. Inua ndoo juu ya matofali, zisogeze chini ya paa la baraza, na jioni zifunike kwa viroba vilivyoegemezwa kwenye vijiti visiguse majani. Jua likishachomoza, vifunue.